Saini ya Mzee Pazi

Mzee Pazi nilimchukia kabla sijajua kuandika jina langu. Hakuna aliyenikalisha chini akanifundisha. Nyumbani kwetu, mtaa wa Mtendeni hapa Tabora, jambo hilo lilikuwamo tu, kama harufu ya karanga zinazokaangwa. Baba akipita karibu na soko na kumwona Pazi ameinama kwenye gurudumu la baiskeli ya mtu, aligeuza uso upande wa pili, na sisi watoto tukageuza wetu. Mama alikuwa na neno moja tu kwa mtu yule: kibaraka.

Mimi ni Batuli binti Sabiri, fundi cherehani. Nina miaka sitini na minne na uzi bado naupenyeza kwenye sindano bila miwani. Watu husema nina dhana mbaya, na sibishi. Muuza maziwa namfanya ayanywe kwanza yeye. Mteja akileta kitambaa nakipima mbele yake, nikakipima tena akiwa anatazama, maana nawajua. Sheikh akiniombea dua ndefu kuliko kawaida, najiuliza ana shida gani na mimi. Basi mwanamke wa namna hii, anayemshuku kila anayepumua, kuna mtu mmoja ambaye hakuwahi kumshuku hata siku moja. Nitawaambia ni nani, lakini acheni kwanza niwaeleze Pazi ni nani.

Pazi alikuwa Mzaramo wa Maneromango. Aliletwa Tabora na treni angali kijana, na kwa sababu alijua kusoma na miguu yake ilikuwa myepesi, akapata kazi ya utarishi katika ofisi ya Mzungu. Enzi hizo tarishi alikuwa mtu. Kaptura ya kaki iliyopigwa pasi, baiskeli ya serikali, mfuko wa barua begani. Alikaa kwenye benchi nyuma ya ofisi akingoja kuitwa, na akiitwa aliruka. Watu walimwamkia kwa adabu na walimwogopa, na waliponyamaza akipita, yeye alidhani ni heshima. Alikuwa mcheshi mno, anacheka kabla hajamaliza maneno yake mwenyewe.

Sasa kulikuwa na seremala mmoja, Luhende, rafiki wa baba yangu. Sikumwona, maana alikufa kabla sijazaliwa, ila hadithi yake nimekuwa nikiisikia kila mwaka. Luhende alitengeneza masanduku ya mninga, na moja kati ya hayo alilitia ubao wa pili chini, ukilifungua huoni kitu ila nguo. Chini ya ubao ule zililala barua na majina ya watu wa chama kilichodai uhuru, makaratasi ambayo serikali ya wakati ule iliyaita ya uchochezi. Mwaka hamsini na saba baba yangu alikamatwa kwa kosa la kukusanya watu bila kibali, akawekwa ndani siku kumi na tisa. Akiwa humo ndani, askari walikwenda karakana ya Luhende mchana kweupe. Hawakupekua kitu kingine. Walikwenda moja kwa moja kwenye sanduku lile, wakang'oa ubao. Luhende alipelekwa gerezani mbali, na katika mwaka wa pili akafia huko. Hata maiti haikurudi. Mkewe hakuwa na mtoto. Akafunga vitu vyake akarudi kwao, huko mbele ya Isikizya.

Nani aliwaambia askari? Mji haukuhitaji kufikiri. Majirani walimwona Pazi mlangoni pa karakana siku ile ile, na baiskeli yake ya serikali, askari nyuma yake. Kesi ikaisha hapo.

Baba alitoka rumande na kovu juu ya jicho na hadithi ya kusimulia. Alisema walimpiga, walimpa chai, walimpiga tena, na hakufungua mdomo mpaka Mzungu mwenyewe akachoka. Uhuru ulipokuja, baba alikuwa na kiti chake cha mbele kwenye kila shughuli. Nyumba yetu ikaitwa nyumba ya mpigania uhuru, na ukiagiza mtu Mtendeni humtajii namba, unamtajia hivyo. Pazi yeye alipoteza kazi. Hakuna aliyemtaka. Akajijengea kibanda cha mabati karibu na soko, akawa fundi baiskeli. Mkewe alivumilia miaka michache, kisha akapanda treni kurudi pwani, akamwachia mtoto wa kike, Mwanahawa.

Mwanahawa tulikuwa darasa moja. Nasema hili mwenyewe kabla hajawaambia mtu mwingine: mimi ndiye niliyewaambia wasichana wasimrushie mpira tukicheza rede. Alisimama katikati ya uwanja akingoja, na mpira ukapita juu ya kichwa chake kutoka mkono hadi mkono, siku baada ya siku, mpaka akaacha kuja uwanjani. Tulimwita binti tarishi. Nilijisikia mzalendo.

Lakini Tabora ina mambo yake. Mtu yule yule ambaye hakuna aliyempa kiti kwenye mkutano, ndiye aliyeitwa mbio mbio mtu akifa. Wazaramo ni watani wetu Wanyamwezi. Wazee walisema utani huu ulizaliwa kwenye njia ya misafara, babu zetu na babu zao walipokuwa wakibeba mizigo kati ya pwani na Unyanyembe. Aliyekufia njiani, ndugu zake wako mbali, alizikwa na mtani. Kwa hiyo mpaka leo mtani msibani ana ruhusa ambayo hata mtoto wa marehemu hana. Anaweza kulala kaburini akakataa kutoka mpaka apewe kuku. Anaweza kuiba jembe la wachimbaji. Anaweza kumtukana marehemu mbele ya mjane, na mjane atacheka huku analia, na hakuna wa kukasirika. Akikasirika mtu, yeye ndiye mwenye makosa.

Na Pazi alikuwa bingwa. Marehemu mchoyo alimvalia viraka akajifanya anamwomba mkopo kwenye jeneza. Marehemu mlevi alimwagia maji kaburini akisema amwonjeshe kidogo, safari ni ndefu. Masheikh walinung'unika, watu wakashika mbavu. Kesho yake wanampita kibandani kwake bila salamu.

Baba alikufa mwaka tisini na moja. Watu walijaa mpaka barabarani. Pazi akaja na suruali iliyokunjwa magoti, akateremka kaburini, akaketi kitako, akakunja mikono. Nakumbuka maneno yake yote. "Huyu msimpitishe mbele, amezoea mlango wa nyuma. Mimi ndiye niliyekuwa namfungulia. Sabiri, Luhende yuko huko anakungoja. Kamwambie mwenyewe ulisema nini."

Uwanja mzima ulicheka. Kibaraka kumwita shujaa kibaraka, kuna utani gani mkali kuliko huo? Nami nilicheka, na machozi yangu usoni. Kaka yangu Abasi akampa jogoo, Pazi akatoka, kisha akashika koleo akamzika baba kwa mikono yake mpaka udongo wa mwisho. Sikumbuki kama alikuwa anacheka.

Miaka ikaenda. Juni mwaka huu, nimekaa na cherehani yangu kwenye baraza ya duka la vitambaa la Kalpesh, mwana wa marehemu Popatlal, akaja kijana mmoja wa shati jeupe na faili kwapani. Akanipa shikamoo nzuri, ndefu. Machale yakanicheza hapo hapo. Akasema anaitwa Kulwa, anashughulika na utamaduni, na kwamba Siku ya Mashujaa, tarehe ishirini na tano Julai, mkoa unataka kuwaenzi wapigania uhuru wa hapa nyumbani ambao majina yao hayamo kwenye vitabu. Watasomwa uwanjani mmoja mmoja na historia zao, ndugu watapewa cheti, na mtoto wa mmoja wao ataweka shada la maua. Kamati imempendekeza Sabiri bin Abasi, na binti yake ndiye aweke shada.

Mtu mwingine angepiga vigelegele. Mimi nilimuuliza kitambulisho. Nikakisoma mbele na nyuma. Nikamuuliza ni nani aliyemtuma, anakaa wapi, baba yake ni nani. Maana nyumba yetu iko pazuri, na si mara moja wamekuja watu na futi za kupimia wakinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, eti nyumba ya historia, eti ihifadhiwe, na kumbe kuna mtu anataka kujenga ghorofa. Barua yake nikampa Kalpesh, akaiinua juu akatazama muhuri kwenye mwanga kama anavyotazama noti. Akaniambia ni wa kweli, Mama Batuli, wacha kumtesa mtoto wa watu. Hata hivyo nilikaa siku nne bila kujibu. Nilikwenda mwenyewe ofisini kuona kama kweli Kulwa ana meza. Alikuwa nayo.

Nikampigia Abasi, yuko Dar es Salaam siku hizi. Alifurahi mno. Akaanza kuuliza suti ya rangi gani inafaa.

Ilibaki fomu. Kulwa akanieleza kwamba kamati haitaki hadithi za familia peke yake; sehemu ya mwisho lazima isainiwe na shahidi aliye hai, aliyekuwapo wakati ule na kumfahamu mhusika. Nikahesabu kwa vidole. Yule amekufa, yule amekufa, yule amepoteza akili. Nikaishiwa vidole na majina. Aliyebaki Tabora nzima ni mmoja, na ana miaka themanini na tisa. Nikamkazia macho Kulwa, nikamwuliza kama alilijua hilo tangu mwanzo. Aliapa hamjui Pazi ni nani. Sikumwamini.

Pazi alikuwa akiishi upande wa pili wa reli, chumba na ukumbi, na Mwanahawa akimwuguza. Mwanahawa ndiye aliyefungua mlango. Tulikuwa hatujasemeshana tangu darasa la saba; tukikutana sokoni kila mmoja anachagua nyanya zake. Alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, akasogea nipite, hakusema karibu.

Mzee alikuwa mkekani, macho yameingia ukungu, haoni zaidi ya kivuli. Nikamwamkia. Akauliza ni nani, Mwanahawa akamwambia, na uso wake ukachanua. Akasema, kwa utani wake, mtumwa wake amemkumbuka, na kwamba alijua siku moja Wanyamwezi watamletea jogoo mwingine. Nikamwambia shida yangu, nikamsomea fomu. Alinisikiliza vizuri, akitikisa kichwa kama mtu anayesikiliza redio, kisha akasema hawezi kusaini na tumbo tupu, na jogoo awe mwekundu.

Njiani nilijiuliza mzee huyu ananitafuta nini. Anataka nimbembeleze, niseme asante mbele ya binti yake, ili lile jina la kibaraka lifutike kwa mgongo wa baba yangu? Nilikasirika. Lakini nilinunua jogoo mwekundu.

Siku ya tatu nikarudi naye. Mwanahawa akamfunga kamba uani. Nikatoa fomu na kalamu, na kisanduku cha wino wa dole gumba nilichoazima kwa Kalpesh. Mzee akaanza tena, safari hii anataka asali ya Ulyankulu, nusu lita, isiyochanganywa. Uvumilivu ukaniisha. Nikamwambia anachezea jina la mtu aliyepigwa kwa ajili ya nchi hii, na aseme kwa Kiswahili anataka nini.

Kile kicheko ambacho hukaa mdomoni mwake siku zote kiliondoka, na sikuwahi kuuona uso wake bila kicheko. Ulikuwa uso wa mtu mwingine.

"Ushahidi wangu nilishautoa," akasema. "Niliutoa mbele ya watu wote, nimekaa ndani ya kaburi lake. Mkacheka."

"Ule ulikuwa utani."

"Nani alikuambia?"

Mwanahawa alikuwa mlangoni na ufagio mkononi. Hakuutikisa.

Basi akanisimulia, taratibu, bila kupandisha sauti. Alisema siku zile kumi na tisa baba yangu aliletwa ofisini mara tatu, na mara zote tatu kwa mlango wa nyuma, ambako benchi la tarishi lilikuwa. Yeye ndiye aliyemfungulia. Mara ya kwanza aliingia amevimba jicho. Mara ya pili alikaa muda mrefu na ikaagizwa chai. Mara ya tatu alitoka amevaa viatu, na mahabusu hawakuwa wanavaa viatu. Kupitia mlango Pazi alisikia neno sanduku, na neno Luhende, na sauti haikuwa ya Mzungu. Akachukua baiskeli. Alikanyaga kwenda karakana kumwambia Luhende atoroke, na alipofika mlangoni, kabla hajashuka vizuri, askari walikuwa nyuma yake na gari. Watu wakaona hivyo walivyoona.

Nikamwambia ni mwongo. Nilisema kwa nguvu. Nikamwuliza kama ni kweli, kwa nini alinyamaza miaka yote ile?

"Ningemwambia nani? Mimi tarishi wa Mzungu, Mzaramo, sina ndugu hapa. Yeye anatoka rumande na kovu usoni. Nilingoja siku ambayo hakuna wa kunipiga, nikasema. Nilidhani hata mmoja ataniuliza, Pazi, ulikuwa na maana gani? Hata mmoja."

Kisha akanyoosha mkono, kidole gumba juu. Akasema hana ugomvi na maiti. Kama nataka saini, nimwongoze kidole, atasaini sasa hivi, na cheti nitundike sebuleni. Ila nimwambie mimi mwenyewe kwa mdomo wangu: Pazi, saini.

Sikusema. Nilikusanya makaratasi yangu nikaondoka, hata kisanduku cha wino nikakisahau.

Nilijiambia ni kisasi. Mzee anakaribia kufa, anataka kuondoka na heshima yetu. Nikamtafutia makosa kwenye hadithi yake kama ninavyotafuta makosa kwenye mshono wa fundi mwingine: viatu, chai, mlango. Nikakaa kwenye cherehani asubuhi nzima nikishona sare za shule, na mikono ikifanya kazi peke yake, kichwa kikawa kinarudia hadithi ya baba, ile ya kila mwaka, ili niishindanishe na ya Pazi. Baba alipenda kusema, akiinua kidole: siri ya ubao ule tuliijua wawili tu, mimi na Luhende, hata mkewe hakuijua. Halafu alisema: nikiwa ndani nikasikia wamekwenda moja kwa moja kwenye sanduku, nikalia.

Mguu ukasimama kwenye pedali. Sentensi mbili. Nimezisikia tangu utoto, mara zote zikifuatana, na mimi huyu ninayemshuku hata muuza maziwa sikuwahi kuziweka pamoja, kwa sababu aliyezisema ni baba. Wawili tu walijua, na mmoja wao ni Luhende. Pazi hata angetaka kumtaja, angesema nini? Hakujua kuna ubao.

Nililia pale barazani, mbele ya wateja, na Kalpesh akatoka na kikombe cha maji akakiweka chini bila kuniuliza. Nilimlilia baba. Nilikuwa na hasira naye, na bado nilimwona amekaa rumande na jicho lililovimba, kijana wa miaka ishirini na kitu, anaogopa. Ningeweza kumsamehe kwa kuogopa. Kitu kilichonichoma ni miaka thelathini na nne aliyoishi baadaye, anapita sokoni, anageuza uso, anatufundisha nasi kugeuza.

Abasi nilimweleza kwenye simu. Akasema maneno ya mzee kipofu yasivunje ukoo. Akanishauri nimshike kidole tu, mzee mwenyewe amekubali, tatizo liko wapi? Alisema shada tayari liko mikononi mwetu. Nikamwambia nitafikiri. Nilidanganya, nilikuwa nimeshafikiri.

Fomu ya baba sikuirudisha; nilimwomba Kulwa nyingine. Nikamjaza Luhende, seremala, Tabora. Mahali pa kueleza jinsi alivyokamatwa niliandika kwa mkono wangu, kwa herufi kubwa ili asije mtu akasema hakuona: Alitajwa kwa askari na rafiki yake Sabiri bin Abasi, baba yangu mzazi. Nikavuka reli. Nikamsomea mzee yote, nikamshika kidole, nikasema, Pazi, saini. Akasaini. Hakutania. Aliniomba nimsomee tena pale penye jina la Luhende, nikamsomea tena, na Mwanahawa akatoka nje kwenda kumtazama jogoo ambaye hakuwa na shida yoyote.

Kulwa alipoisoma fomu alijikuna shingo. Akauliza kama nina hakika, akauliza kama nimeongea na familia, akasema ataifikisha kwenye kamati. Niliona jinsi alivyoikunja. Nikajua mahali pale patakatwa, na sikulala vizuri siku zote zilizobaki.

Tarehe ishirini na tano ikafika na upepo wa kipupwe na vumbi lake. Uwanja ulikuwa na maturubai matatu, bendera, askari wa gwaride, mkuki na ngao mezani vikingoja kuwekwa mnarani. Sikuwa tena mtu wa shada; nilikaa kwenye mabenchi ya wananchi, mstari wa nne, kati ya akina mama wa Mtendeni ambao walikuwa bado wananipongeza kwa ajili ya baba, maana walikuwa hawajui. Mwanahawa alikuwa turubai la mbele, upande wa mashahidi, amemwakilisha mzee wake. Alivaa baibui jipya. Niliona watu wakimwonyesha kwa kidevu, wakiulizana amefuata nini pale.

Mshereheshaji akasoma majina. La tatu likawa Luhende. Akasoma useremala wake, sanduku la mninga, ubao wa siri. Halafu akasoma: "Alitajwa kwa wakoloni na mtu mmoja aliyekuwa akiaminiwa, akafia gerezani." Akaendelea na tarehe.

Mtu mmoja. Nilivitazama vichwa vya watu. Vikageuka vyote, mstari kwa mstari, vikamwelekea Mwanahawa kwenye turubai la mbele. Yeye alikaa wima akitazama mbele, mikono magotini, kama alivyokuwa akisimama katikati ya uwanja wa rede.

Nikasimama. Sikuwa na kipaza sauti, lakini nimeuza nguo minadani, sauti ninayo.

"Siyo Pazi," nikasema. "Aliyemtaja ni Sabiri bin Abasi wa Mtendeni. Ni baba yangu, na mimi ndiye niliyeandika. Soma kama nilivyoandika."

Mshereheshaji alitazama karatasi yake, akatazama viongozi, akatazama karatasi tena. Kisha akasoma jina la nne. Nilibaki nimesimama kidogo, nikiwa sijui nifanye nini na mikono yangu, halafu nikakaa.

Mama aliyekuwa kulia kwangu aliuvuta mkoba wake karibu na kifua. Baadaye akajivuta na yeye. Wa kushoto alikumbuka kwamba ana mtu wa kuzungumza naye mstari wa nyuma. Kabla shada halijawekwa, benchi lile la watu saba lilikuwa langu peke yangu, na simu mfukoni inalia bila kukoma, jina la Abasi. Nilisikia wakinong'ona. Nilisikia neno ambalo mama alikuwa nalo moja tu, na safari hii lilikuwa la kwetu.

Wimbo wa taifa ulipokwisha na watu wakaanza kukaa, nikamwona Mwanahawa ameacha kiti chake cha turubai, anakuja kati ya mabenchi, ameinua pindo la baibui lisiguse vumbi. Nikajiuliza anafuata nini. Anakuja kunicheka, nikasema moyoni, na haki anayo. Akasimama mbele yangu.

"Sogea," akasema.

Nilisogea, ingawa benchi zima lilikuwa tupu. Akaketi, bega lake likigusa langu, akatazama mbele kule ambako sasa bendi ilikuwa inapita, na watu wa mstari wa tatu wakigeuka kututazama sote wawili. Nikangoja aseme nimwombe radhi, nikangoja anitukane. Mwishowe akasema, bila kunitazama:

"Utazoea."